Joho Jeupe la Mgombea

Mwalimu mmoja wa katekisimu alitusimamisha nje ya kanisa, ibada ikiwa imekwisha na waumini wangali wakisalimiana chini ya miti, akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake papo hapo. "Ninyi mawakili mwala kwa Kiingereza," alisema. "Hebu tuelezeni. Binti yangu anayeukabili mtihani wa kidato cha nne huitwa 'candidate'. Na mheshimiwa yule aliyesimama leo mbele ya madhabahu na bahasha yake ya mchango, naye ni 'candidate'. Hawa wawili wana udugu gani?"

Tulicheka sote, tukaagana, lakini swali likatufuata hadi nyumbani. Tunalijibu hapa ukurasani kwa sababu tuliyoyakuta katika kulichimba neno hilo yanatuhusu sisi tunaodai mageuzi kuliko tulivyodhania. Tena majira ya kuombana kura hayako mbali kamwe katika nchi hii. Katiba imeuweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano, nao waheshimiwa huanza mbio za uchaguzi ujao siku ya pili baada ya kuapishwa.

Kiswahili, kwa bahati njema, hakiwachanganyi wawili hao. Mtoto ni mtahiniwa, mtu anayepimwa na wengine. Mwanasiasa ni mgombea, na neno hilo halimsitiri, kwa maana ndani yake mna kugomba, na kugombania, na ugomvi wenyewe. Wapendao adabu zaidi humwita mwaniaji, lakini hata kuwania ni kushindania kitu. Lugha yetu ilimtazama mtu huyu ikakiona kitendo chake. Kilatini, ambacho ndicho kilichowapa Waingereza neno lao, kilimtazama kikaiona nguo yake.

"Candidate" ni "candidatus" wa Warumi, yaani mtu aliyevaa nguo iliyotiwa weupe. Neno hilo latoka katika "candidus", jeupe lenye kung'aa, nalo latoka katika kitenzi "candere", kung'aa au kuwaka. Warumi walikuwa na neno jingine, "albus", kwa weupe wa kawaida usio na mng'ao. Ule wa "candidus" ni weupe unaoumiza macho juani.

Raia mwanamume wa Roma alivaa toga, joho zito la sufu lililozungushwa mwilini na kutupwa begani. Rangi ya sufu hiyo kwa asili yake ni weupe uliofifia, kama kanzu iliyofuliwa miaka mingi. Aliyetaka cheo alilipeleka joho lake kwa dobi, likasuguliwa kwa chaki hadi likawaka, kisha akateremka nalo uwanjani, mahali pa soko na mikutano, ili aonekane kutoka mbali katikati ya majoho yaliyofifia ya wenziwe. Tusiwafiche wasomaji jambo ambalo vitabu vya shule huliruka. Madobi wa Roma walifulia kwa mkojo uliochacha, kwa kuwa ndani yake mna amonia ambayo hukata mafuta na uchafu. Weupe ule uliosifiwa, kabla ya kuonja chaki, ulikuwa umepitia mahali pengine.

Wako waandishi wasemao kwamba joho hilo lilikuwa ishara ya moyo safi. Hatuna ugomvi nao, ila twaona kwamba Warumi wenyewe hawakudanganyika upesi hivyo. Mwanahistoria Livius asimulia kwamba mwaka 432 K.K. matribuni wa umma, waliokuwa watetezi wa makabwela, walipendekeza sheria ya kumkataza mtu yeyote kulitia joho lake weupe kwa ajili ya kuomba cheo. Sababu yao twaielewa vyema. Tangu mwaka 444 K.K. makabwela walikuwa na haki ya kuchaguliwa matribuni wa kijeshi, ambao waliongoza dola mahali pa makonsuli. Haki walikuwa nayo, lakini kila uchaguzi ulipofika waliochaguliwa ni wale wale wa koo kubwa, na kura zilizowachagua zilikuwa za makabwela wenyewe. Viongozi wao wakajiuliza ni uchawi gani huu. Wakajijibu kwamba ni mbinu za kuombea kura, na mahali pa kuanzia wakapaona katika chaki.

Livius akiri kwamba kwa wasomaji wa zama zake, miaka mia nne baadaye, jambo hilo lingeonekana dogo, lisilostahili kujadiliwa kwa uzito. Hata hivyo aandika kwamba wakati ule liliwasha moto mkubwa kati ya mabwana na makabwela, na kwamba matribuni walishinda, sheria ikapita. Sisi tunaoishi kwa sheria tunasoma habari hiyo kwa tabasamu lenye uchungu, maana chaki iliishi kuliko sheria iliyoikataza. Karne nne zikapita na wagombea wa Roma wangali wanang'aa.

Plutarko, Mgiriki aliyeandika karibu na mwaka 100 B.K., ataja desturi nyingine ya zama za kale iliyotugusa. Asema wagombea wa zamani walishuka uwanjani wakiwa na joho peke yake, bila kanzu ya ndani. Huenda walifanya hivyo kwa unyenyekevu, asema, au ili wenye makovu ya vita wayaonyeshe. Pia asikia ikisemwa kwamba wananchi ndio waliotaka wagombea waje hivyo, wasiwe na mahali pa kuficha fedha za kugawa. Yeye mwenyewe aiona sababu hii ya mwisho kuwa dhaifu, kwa kuwa hongo iliingia katika kura za Roma baadaye sana. Hata kama ni dhaifu, tazameni jinsi wananchi walivyokuja kuyakumbuka majoho yao: nguo ile ile iliyowaita watu watazame weupe, wengine waliitazama wakitafuta mfuko.

Mgombea aliyekwisha kung'aa hakukaa nyumbani. Alizunguka, akishika mikono ya watu na kuwaita kwa majina, na pembeni mwake alitembea mtumwa mwenye kazi moja tu, kumnong'oneza jina la kila mtu anayekuja ili bwana wake aonekane anamfahamu. Kuzunguka huko kuliitwa "ambitio", kutoka katika kitenzi "ambire", kwenda huku na huku. Kutoka hapo Waingereza walipata neno lao la tamaa ya makuu, "ambition", ambalo siku hizi walimu huwahimiza watoto wetu wawe nalo. Warumi walikuwa na tawi la pili la neno hilo hilo, "ambitus", na hilo lilikuwa jina la kosa la jinai: kununua kura. Kuzunguka kwa halali na kuzunguka kwa haramu vilitofautishwa kwa silabi moja tu. Wahenga wetu hawakuhitaji Kilatini kuliona hilo. Walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Dhidi ya kosa hilo Warumi walitunga sheria juu ya sheria. Mwaka 358 K.K. ilipitishwa sheria ya kuwazuia wagombea kuzungukazunguka katika masoko na mikusanyiko ya vijijini. Nyingine ikafuata mwaka 181 K.K., nyingine mwaka 67 K.K., na kila moja iliongeza ukali kwa sababu iliyotangulia haikumtisha mtu. Biashara ya kura ilikwisha kuwa na wataalamu wake. Walikuwako walioshika fedha kama amana hadi mpigakura atimize ahadi yake, na walikuwako wagawaji waliojua kila kabila la wapigakura na bei yake. (Makabila haya, kwa Roma, yalikuwa mafungu ya kupigia kura. Msomaji wa Kenya atatusamehe kwa kukohoa kidogo hapa.) Mwezi wa Julai mwaka 54 K.K. wagombea wa ukonsuli walikopa fedha nyingi mno za kuhonga hata riba mjini Roma ikapanda mara mbili kwa ghafla, kutoka asilimia 4 kwa mwaka hadi asilimia 8. Habari hiyo twaipata katika barua ya Cicero kwa rafiki yake Atticus. Maana yake ni kwamba mfanyabiashara mdogo wa Roma, asiyegombea chochote, alilipa gharama ya uchaguzi kila alipokwenda kukopa.

Cicero huyo ndiye anayetuhusu hasa sisi wa taaluma ya sheria. Alikuwa wakili, mtoto wa mji mdogo wa Arpinum, na katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuwa konsuli. Mwaka 64 K.K. aligombea ukonsuli dhidi ya watu wa koo kubwa, na siku chache kabla ya uchaguzi alisimama katika seneti akiwa amevaa joho lake lililopakwa chaki, akawashambulia wapinzani wake wawili, Catilina na Antonius. Alisema usiku uliotangulia walikutana na washika fedha wao katika nyumba ya mkwasi mmoja. Hotuba hiyo yaitwa hadi leo kwa jina la vazi alilokuwa amevaa, nayo imetufikia vipande vipande tu, kwa sababu msomi mmoja aitwaye Asconius aliinukuu alipoifafanua karibu miaka mia moja na ushei baadaye. Cicero akachaguliwa. Na mwaka 63 K.K., akiwa konsuli, alipitisha sheria kali kuliko zote za awali dhidi ya ununuzi wa kura. Mwenye hatia angepelekwa uhamishoni miaka kumi, na mtu anayekusudia kugombea cheo alikatazwa kuwaandalia watu michezo ya mapigano katika miaka miwili ya kabla.

Mwaka ule ule, kabla wino wa sheria haujakauka, konsuli mteule Murena alishtakiwa kwa kununua kura. Waliomshtaki walikuwa Servius Sulpicius, bingwa wa sheria aliyeshindwa katika uchaguzi huo, na Cato, mtu ambaye hata adui zake hawakuthubutu kumwita mla rushwa. Wakili wa utetezi alikuwa nani? Alikuwa Cicero, konsuli aliyekuwa madarakani, mtunzi wa sheria yenyewe.

Tumeisoma hotuba yake ya utetezi zaidi ya mara moja, na hatuwezi kukana kwamba ni kazi ya ustadi. Alimdhihaki Sulpicius kwa kazi ndogondogo za mawakili, akamdhihaki Cato kwa falsafa yake isiyojua kusamehe, hata mahakama ikacheka. Kuhusu umati uliomlaki Murena, na karamu, na viti vya michezo waliyopewa watu bure, alieleza kwamba hizo ni hisani za kale ambazo mwananchi maskini hapaswi kunyang'anywa. Kisha akaitoa karata yake kubwa: Catilina yuko nje na jeshi, dola iko hatarini, na siku ya kwanza ya Januari lazima pawe na makonsuli wawili kazini. Murena akaachiliwa. Akashika cheo chake mwaka 62 K.K.

Je, Cicero alikosea? Hatari ya Catilina ilikuwa ya kweli, hilo hatulikatai, na kila mshtakiwa anastahili wakili. Lakini hoja ya "nchi iko hatarini, basi tusiulize mno jinsi mtu huyu alivyochaguliwa" tumeisikia kwa lugha nyingi tangu hapo, na hatujaona mwaka ambao nchi haikuwa hatarini kwa mujibu wa watu wanaoitumia. Tunakiri vilevile kwamba si Cicero pekee. Miongoni mwa mawakili wanaosoma ukurasa huu wako walioandika kanuni safi asubuhi na kumtetea mvunjaji wake jioni. Sisi wenyewe hatujitoi.

Ni lazima tuongeze, kwa haki, kwamba Roma haikuwa demokrasia kama tunayoipigania. Wanawake hawakupiga kura, watumwa hawakuhesabiwa kuwa watu, na katika kuwachagua makonsuli mafungu ya matajiri yalipiga kura kwanza, hata mara nyingi maskini hawakufikiwa. Lakini katika jambo moja makabwela wa Roma walitutangulia. Zamani mpigakura wa Roma alilitamka jina la chaguo lake kwa sauti mbele ya msimamizi, huku bwana wake, au mdai wake, au mwenye shamba analolima, akisikia. Mwaka 139 K.K. tribuni Gabinius alipitisha sheria kwamba katika kuwachagua viongozi kura iandikwe katika kibao kilichopakwa nta na kutiwa kikapuni. Wakubwa hawakukata tamaa, wakawa wanasimama kando ya vile vivuko vyembamba ambavyo wapigakura walivipita, wakichungulia vibao. Kwa hiyo mwaka 119 K.K. Marius, akiwa tribuni, alipitisha sheria ya kuvifanya vivuko hivyo kuwa vyembamba zaidi, pasiwe na nafasi ya mtu wa pili kusimama. Yaani sheria nzima ilitungwa kwa ajili ya upana wa njia. Wapo watakaoiona kuwa ni jambo dogo, kama ile ya chaki.

Wakenya hatuwezi kuiona hivyo. Mwaka 1988, katika uteuzi wa chama kimoja, wapigakura walipangwa mlolongo nyuma ya mawakala wa wagombea, mchana kweupe, na aliyepata asilimia 70 ya mlolongo alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Mmoja wetu alikuwa mtoto siku hiyo, ameshikwa mkono na baba yake. Anakumbuka baba akisimama kwa muda mrefu kati ya mistari miwili, akimtazama chifu, akimtazama mwajiri wake, kisha akaenda kujipanga mahali ambapo jioni, mezani, hakutaka kupazungumzia. Viongozi wa makanisa katika NCCK walikuwa wameupinga utaratibu huo tangu mwaka 1986, wakisema mchungaji hawezi kujipanga nyuma ya mtu mmoja mbele ya kondoo wake wote. Leo kura ya siri imeandikwa katika Katiba ya 2010. Haikuandikwa na wale waliokuwa mbele ya mistari.

Tulirudi kwa Cicero tukitumaini kumwona akiisifu sheria ya Gabinius, tukavunjika moyo. Katika uzee wake aliandika kwamba kibao cha siri kiliwapunguzia watu bora ushawishi wao, akashauri kwamba mwananchi awe na kibao chake, lakini akionyeshe kwa hiari kwa wakubwa. Yule kijana wa Arpinum alikuwa amekwisha kuzoea upande wa pili wa kikapu.

Turudi kwenye neno. Lilivuka kwenda Uingereza polepole. Katika tamthilia ya Shakespeare ya Titus Andronicus, iliyochapishwa mwaka 1594, bado linatamkwa kwa umbo lake la Kilatini, katika onyesho ambalo shujaa anapelekewa vazi jeupe la kugombea ufalme naye akalikataa. Katika karne ya 17 likazoeleka kwa umbo la Kiingereza. Baadaye likapanuka, likamchukua kila mtu anayesimama mbele ya wengine akingoja kuamuliwa: anayeomba kazi, anayetaka shahada, na mwishowe binti wa mwalimu wetu na kalamu zake mbili. Chaki ilikwisha kusahaulika njiani. Kwa binti huyo, kwa hakika, neno limepata heshima ambalo halikuwa nayo Roma. Yeye haruhusiwi kuzunguka akiwashika mikono wasahihishaji.

Shina lile lilizaa watoto wengine. Neno la Kiingereza la mtu msema kweli asiyeficha, "candid", ni "candidus" yule yule, ila sasa weupe umehama kutoka katika nguo ukaingia katika ulimi. Ndugu hawa wawili, "candid" na "candidate", hukaa karibu sana katika kamusi, na kwa muda mrefu hawajaonekana wakitembea pamoja. Mshumaa, "candle", ni wa ukoo huo pia. Ulikuwa "candela" kwa Kilatini, na uliingia Uingereza zamani sana pamoja na Kanisa. Ubani, "incense", umetoka katika shina lile lile la kuwaka.

Na hapa tulipata jambo ambalo hatukulitarajia. "Candela" ya Warumi ilichukuliwa na Wagiriki, kwao ikapita katika lugha za Mashariki hadi Kiarabu, ikawa "qindil", nayo ikaja na watu wa majahazi hadi pwani yetu, ikawa kandili. Kandili ile ya Lamu na Mombasa, iliyoning'inizwa barazani na misikitini kabla Mwingereza hajafika, ni binamu wa mgombea. Weupe wa mgombea ulitiwa na dobi, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Kandili huwaka kwa mafuta yake yenyewe, na haiwaki ili itazamwe.

Kanisa nalo lilikuwa na mavazi meupe ya namna yake. Katika karne za mwanzo waliobatizwa usiku wa Pasaka walivikwa nguo nyeupe, wakazivaa wiki nzima. Na wimbo wa kale wa Te Deum, ambao makanisa yetu mengi yangali yanauimba, katika Kilatini chake walitaja jeshi la mashahidi wa imani kwa neno hilo hilo, "candidatus". Tofauti ni kwamba hakuna aliyejivika. Mbatizwa alivikwa na wengine mbele ya watu waliomjua, waliomfundisha miezi mingi na kumuuliza maswali. Shahidi wa imani alivikwa akiwa hana tena la kuomba kwa mtu.

Ndiyo sababu tumefadhaishwa na jambo ambalo mwalimu wetu aliligusa akicheka: bahasha mbele ya madhabahu. Mwanasiasa wa leo hahitaji chaki. Ana suti, na ana kamera, lakini mng'ao auombao hauuzwi na dobi. Anaupata kwa mchungaji anayemwita mbele, akamshika mkono, akamwombea kwa jina, na waumini wakapiga makofi kwa kiasi kilichotajwa. Sisi tunasema wazi kwamba mchungaji huyo amefanya kazi ya dobi. Hatusemi kwamba ametaka ubaya. Paa la kanisa linavuja, karo za watoto yatima zinadaiwa, na aliyeleta fedha amekuja akitabasamu. Lakini Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamshika mtoaji hongo na mpigakura anayeipokea pia, na sidhani kama kuna msomaji anayeamini kwamba bahasha hubadilika asili yake kwa kupitia kwenye sahani ya sadaka.

Wako waliokataa. Septemba 2021 Kanisa la Kianglikana, kwa kauli ya Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, lilitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa mimbari tena. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kwamba michango iliyotolewa na viongozi wa serikali katika kanisa la Soweto irudishwe. Tunajua si kila parokia imefuata. Tunajua pia kwamba kukataa fedha ukiwa askofu wa mji mkuu ni jambo moja, na kukataa ukiwa mzee wa kanisa la mabati, mheshimiwa amesimama mlangoni na waumini wanakutazama, ni jambo jingine. Kwa wazee hao tunaandika hasa. Mkiombwa nafasi, mpeni mgombea benchi kama muumini yeyote. Akitaka kusema, aiteni siku nyingine, nje ya ibada, na wapinzani wake waje pia, muwaulize maswali kama waumini wa kale walivyomuuliza anayetaka kubatizwa: umeishi vipi, nani anakujua, ulifanya nini ulipopewa kidogo?

Jumapili iliyofuata tulimtafuta mwalimu wetu, tukamweleza habari za joho na chaki. Alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa aliposikia habari ya mkojo, kisha akauliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza. "Na gharama zote hizo, za chaki, na karamu, na wagawaji, alilipa nani?"

Tulimsimulia habari ya Verres. Aliupata upraetori wa Roma, na watu wakasema aliununua, kisha akapelekwa kuwa gavana wa Sicilia kuanzia mwaka 73 hadi 71 K.K. Ni Cicero huyo huyo, kabla hajavaa joho lake la kugombea ukonsuli, aliyemshtaki mwaka 70 K.K. Mbele ya mahakama alieleza jinsi Verres alivyojisifu kuhusu miaka yake mitatu huko: faida ya mwaka mmoja aliitengea mfuko wake, ya mwaka wa pili watetezi wake, na ile ya mwaka wa tatu, ulionona kuliko yote, mahakimu watakaomhukumu. Alitoza nafaka kupita sheria hata wakulima wakayaacha mashamba yao. Cicero aliandika hesabu ya wilaya ya Leontini: wakulima 84 katika mwaka wa kwanza wa Verres, 32 katika mwaka wa tatu.

Mwalimu aliirudia hesabu hiyo taratibu, themanini na wanne, thelathini na wawili, kama mtu anayeita majina darasani. Kisha akaenda kuwafungulia watoto mlango.